Mama, Si Mwajuma Aliyetupa Mto Wako

Mama yangu, uliyelala Machame,

Nakuandikia nikiwa dukani, mchana, nimeketi nyuma ya majora ya vitenge na karatasi iko mapajani kwa sababu mezani hakuna nafasi. Nje mawinga wanaita wateja kwa zile sauti ulizokuwa ukisema zitawamaliza mapafu. Barua hii nimeianza mara nne tangu wiki iliyopita. Mara ya kwanza nilikuandikia habari za mvua. Mimi na wewe, mama, habari za mvua. Nikaichana. Leo nimejiambia sinyanyuki hapa mpaka nimalize, hata aje mteja wa majora ishirini.

Jambo lenyewe ni hili. Si Mwajuma aliyetupa mto wako wa kupigia magoti. Ni mimi. Na wala sikuutupa, niliupeleka kuchomwa moto.

Basi, nimeshaliandika. Nilidhani nikiliandika nitapumua, lakini moyo unanienda mbio vilevile, na nimeshasimama mara mbili kupanga vitenge ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Unakumbuka asubuhi zetu. Tulifika kabla mikokoteni haijaziba mtaa. Ulifungua mlango wa chuma nusu, ukainama kupita chini yake, ukautoa ule mto chini ya meza na kupiga magoti kwenye kijinafasi kilichobaki kati ya meza na rafu. Uliushona kwa mkono, ukaujaza vipande vilivyobaki kila ulipokata kitambaa, na katikati ukaingiza gauni langu la ubatizo na sare yangu ya darasa la kwanza, maana wewe kutupa kitu hukuweza. Uliomba polepole. Ulianza na sisi watoto, ukahamia kwa wapangaji wenzetu wa kwenye korido, fremu kwa fremu, Bwana Nassor wa mabegi akiwemo na Uislamu wake wote, ukamalizia na Mwajuma, ambaye muda huo alikuwa anafagia korido hatua mbili kutoka ulipopiga magoti.

"Mama Manka, leo umenifikia mapema," alikuwa akikutania ukinyanyuka. "Jana ulinikawiza."

"Jana ulifagia vibaya," ulimjibu.

Kisha mlikaa juu ya majora, wewe na yeye, na chai ya rangi na vitumbua alivyokuja navyo kutoka kwake Ilala. Mlikuwa mnacheka mambo ambayo sikuyaelewa. Mimi nilisimama mlangoni na funguo, natazama saa. Nikuambie ukweli, asubuhi zile zilikuwa zinanikera. Niliona wenzetu wameshafungua, wanauza, na sisi bado tunamtajia Mungu majina ya watu anaowajua.

Halafu kikaja kile kipindi kibaya. Unakijua, tulikipita pamoja. Siku ambazo mitaa ilifungwa na kila mtu akabaki ndani kwake, simu hazina mtandao, hatujui dukani kuko salama au kumeshaingiwa. Tulipofungua, wateja wetu wa Lusaka na Lubumbashi walikuwa wameshajizoesha kwingine. Mzigo ukakwama bandarini. Na tulipoanza kusimama, warithi wa mwenye nyumba wakaleta barua: jengo litavunjwa, lijengwe ghorofa, wapangaji tujiandae. Miaka ishirini na miwili, mama, miaka ishirini na miwili ya maisha yako katika fremu ile, na barua yenyewe haikufika nusu ukurasa.

Uliisoma, ukaikunja, ukaiweka chini ya kikokotoo. Kesho yake ukapiga magoti vilevile, kwa mwendo uleule, na warithi nao ukawaongeza kwenye majina.

Hapo ndipo nilipokushindwa. Nilitaka upige meza. Nilitaka uniambie tunakwenda wapi, tunafanya nini, Mungu amesema nini. Ulichoniambia ni, "Manka, mimi sijaambiwa chochote. Naomba tu." Nikajisemea huyu mama amezeeka, anaomba kama mtu anayemwagilia ua wake jioni. Mimi nilikuwa namtaka Mungu wa haraka, wa kunijibu kwa jina na tarehe.

Nikampata. Kule kwenye ukumbi uliokuwa ghala zamani, ibada zao ziko saa sita mchana, tunatoroka maduka na kwenda. Sikukuambia. Nilikuwa nakuaga nakwenda benki. Mtumishi wa pale alikuwa kijana mwenye suti nzuri na sauti ya kuvutia, na siku moja akasimama akafumba macho, akasema: "Kuna mtu hapa ana duka. Ndani ya duka kuna kitu cha kale, kimeshonwa, na ndani yake kuna nguo yako. Hicho ndicho kinazuia mlango wako."

Leo nacheka peke yangu nikifikiria. Ukumbi umejaa wafanyabiashara wa Kariakoo, nani hana dukani kitu cha kale kilichoshonwa? Lakini siku ile sikucheka. Gauni langu la ubatizo. Sare yangu. Nilihisi ananisoma. Na kuna wazo baya lilipita kichwani, nitaliandika kwa sababu nimeahidi kuandika yote: niliwaza, mbona mama aliweka nguo zangu mle? Nilikuwaza wewe. Halikukaa muda mrefu, lakini lilipita, na nililiacha lipite.

Keshoye, ulipokwenda kununua vocha, niliuchukua mto nikautia kwenye mfuko mweusi. Walikuwa na pipa nyuma ya ukumbi, watu wamepanga foleni na vitu vyao: hirizi za kweli, picha za waume, mmoja ana mkoba wa marehemu shangazi yake. Mto wako haukushika moto haraka. Vipande vilitoka kimoja kimoja, nikavitambua, kile cha bluu cha sare ya kwaya, kile cha maua cha harusi ya dada. Nikapewa kichupa cha mafuta nipake mlangoni. Nilipaka.

Asubuhi iliyofuata ukainama chini ya meza. Ukanyanyuka. "Manka, mto wangu uko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Hiyo peke yake ingekuwa dhambi ndogo. Lakini mimi hodari, nikajibu upesi, "Mwajuma aliingia kufagia jana ulipotoka, alitoa mfuko wa taka. Lazima ndiye."

Ulinitazama. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Uliniamini. Hukumpigia kelele, wewe si mtu wa kelele. Ulimwambia tu mbele ya wenzetu, "Basi Mwajuma, kwangu usiingie kufagia tena." Aliapa hajaugusa. Ulikuwa umeshageuza uso. Na kwa sababu ulikuwa ni wewe, ambaye korido nzima ilikuachia funguo na siri zake, hakuna aliyehoji. Bwana Nassor alisema, "Kama Mama Manka amesema, amesema." Haikupita wiki wakamtafuta mfagiaji mwingine. Uaminifu wako, mama, ndio nilioutumia kumfukuzisha kazi mwanamke yule.

Kuanzia hapo ulipiga magoti kwenye sementi. Nilikuletea kipande cha boksi, ukakataa, ukasema boksi linateleza. Ulipofika mwisho wa majina ulikuwa unasita, halafu unasema amina. Asubuhi moja ulimimina vikombe viwili vya chai. Ulikitazama cha pili, ukakirudisha kwenye chupa. Mimi nilijifanya nahesabu majora.

Biashara haikubadilika. Mafuta yaliisha. Nikaacha kwenda kule ukumbini bila hata kuaga, kwa aibu zaidi kuliko kwa hekima.

Miezi minne baadaye presha ikakulaza. Siku ya pili hospitali ulinishika mkono, ukaniambia, "Nikipona, nitakwenda kumwona Mwajuma." Mdomo ulinifunguka, mama. Nakuapia ulifunguka. Nikasema, "Pumzika, mama." Usiku ule hali ikawa mbaya, na kesho yake tukawa tunatafuta gari la kukupeleka nyumbani.

Tulikuzika vizuri. Kanisa lilijaa mpaka nje kwenye migomba. Kila aliyesimama alisema hakuna mtu uliyegombana naye, na mimi pale mbele nimevaa kitenge cha msiba nikijua yupo mmoja, na kwa nini.

Baada ya hapo sikukaa nikatulia. Nilibadilisha mpangilio wa duka mara tatu. Niligombana na dalali aliyekuwa ananitafutia fremu nyingine, kila anayonipeleka naiona ina kasoro, nyembamba, giza, iko karibu na choo. Aliniambia, "Dada, wewe hutafuti fremu." Nikamkasirikia wiki nzima kwa sababu alikuwa sahihi. Nikaanza kusikiliza mahubiri kwenye simu, huyu na yule, wa Mbeya, wa Nairobi, mpaka wa Ghana ambaye simwelewi. Kila mmoja ananiambia mwaka huu ni wangu. Nalala nao, naamka nao, na moyo uko palepale.

Jumuiya yetu ya kanisa haikuniacha. Ulijua hawataniacha. Jumamosi moja walikuja kwangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na baada ya ibada wakasema wamekaa wakaona nichukue nafasi yako, niwe nawaongoza. Wakaniomba nianze palepale na sala ya Bwana. Nikaanza vizuri. Nilipofika kwenye kuomba msamaha, ulimi ukagoma. Nilisimama nimefumba macho, wote wananisubiri, ikabidi mama mmoja aimalizie. Walidhani ni majonzi. Wakanikumbatia, wakaniambia pole, na nikazipokea pole zao zote.

Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani kule mjini. Mahubiri nilikuwa siyasikii vizuri. Ikafika sadaka, tukapanga mstari, na mimi nimebakiza watu watatu kufika mbele, likanijia lile neno tulilokariri tangu kipaimara, kwamba ukikumbuka nduguyo ana neno juu yako, acha sadaka yako hapo, uende kwanza ukapatane naye. Nililijua miaka yote hiyo. Nililifundisha hata watoto. Lakini sikuwahi kulisikia likisema nami, na halikusema kwa sauti yoyote ya ajabu. Halikunipa jina wala tarehe. Lilinipa mahali pa kwenda tu. Nikatoka kwenye mstari. Mzee wa kanisa mlangoni akanishika bega. "Manka, unaumwa?"

"Naenda Ilala," nikamjibu. Akabaki ananiangalia.

Nilikwenda kwa miguu. Sikuweza kukaa kwenye gari. Nikakatiza Mnazi Mmoja na viatu vyangu vya kanisani, jua la saa sita, nikawa natengeneza maneno njiani na kuyabomoa. Nilitengeneza moja zuri sana lenye shetani ndani yake, kwamba shetani alinipitia. Nikaliacha. Shetani hakuubeba mfuko ule mweusi.

Nilimkuta Mwajuma barazani kwake, anauza vitumbua, kikaango mbele yake. Amekonda. "Shikamoo, Bi Mwajuma." Aligeuza kitumbua kwanza, ndipo akajibu, "Marahaba," bila kunitazama. Hakuniambia karibu. Nikakaa mwenyewe kwenye kibao, nikamwambia. Nilimwambia kama nilivyokuandikia wewe hapa, pipa, mafuta, na uongo wenyewe neno kwa neno. Aliendelea kugeuza vitumbua. Viwili vikaungua.

Alipozungumza, hakuulizia mto. "Miaka yote ile nimekunywa chai na mama yako," akasema. "Kitu kimoja tu nilitaka. Aniulize. Hakuniuliza."

"Hakukuuliza kwa sababu aliniuliza mimi."

"Na mimi sikuwa wa kuulizwa?"

Nisamehe, mama, lakini sikuweza kukutetea pale. Ningekutetea ningekuwa nimemdhulumu mara ya pili. Nikamwambia tu ulichosema hospitali, kwamba ukipona utakwenda kumwona. Aliviopoa vile viwili vilivyoungua, akaviweka pembeni. "Nilisikia msiba," akasema. "Nilikaa ndani siku tatu. Wanangu walidhani naumwa." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sijakusamehe, sikudanganyi. Nilisemwa mbele ya watu kwa uongo wako, sasa kanisafishe mbele ya watu. Na mimi nitakuja nisikie."

Akaja Jumatatu. Alivaa baibui lake jipya, akasimama katikati ya korido aliyoifagia miaka yote, saa ambayo wote wanafungua. Nikawaita. Bwana Nassor, wa viatu, wa vyombo, na yule mfagiaji mpya aliyeacha fagio kusikiliza. Nilisema kwa kifupi, maana nilijua nikirefusha nitaanza kujipamba: mto wa mama niliuchukua mimi, nikauchoma, nikamsingizia huyu mama, na mama yangu amekufa akiwa ameniamini. Kule nyuma mtu alicheka kidogo, akanyamaza. Wa vyombo aliondoka akitikisa kichwa, na mpaka leo Jumatano hajanisalimu.

Bwana Nassor ndiye aliyemsogelea. "Bi Mwajuma, mimi nilikuwa wa kwanza kusema ndiyo. Niwie radhi. Kazi yako ipo kama unaitaka."

"Kazi gani, Nassor? Jengo lenyewe mnavunjiwa," akamjibu, na korido nzima ikacheka, hata mimi, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Sikukuandikia ili nikuambie sasa yote ni shwari. Tarehe ya kubomoa inakuja na bado sina fremu. Moyo wangu haujaacha kwenda mbio, ila sasa najua unakwenda mbio kwa ajili ya nini, na hilo ni tofauti kubwa kuliko nilivyodhani. Jumuiya nimewaambia wasubiri, wayasikie haya kwanza kutoka kwangu, ndipo waamue kama bado wananitaka. Jana asubuhi niliomba. Hapakuwa na sauti wala moto. Niliomba kama wewe, nikamwagilia, nikafungua duka.

Lakini bado neno moja, na ndilo lililonifanya nisiichane barua hii ya tano. Juzi Mwajuma alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamuuliza kuna kitu kingine anataka nifanye. Nilitegemea aseme hapana.

"Mkipanda kwenu Desemba," akasema, "nami nipande. Nina maneno yangu na mama yako, na hayo hayapiti kwako."

Nimeshamkatia tiketi. Kwa hiyo jiandae, mama. Tutamleta mpaka kihambani, kwenye shamba letu la migomba, nitamwonyesha kaburi, halafu mimi nitarudi jikoni na kuwaacha. Anakuja na hasira zake zote, na safari hii utamsikiliza yeye.

Binti yako,
aliyekudanganya